Chuma hugeuka bunduki lini?

Katika barabara ya Strand, katikati ya jiji la London, kuna jengo kubwa la mawe lenye minara iliyochongoka, ambalo mgeni akilitazama kwa mara ya kwanza hudhani ni kanisa. Humo ndimo wanamoketi majaji wa Mahakama ya Rufaa ya England na Wales. Mwendo wa dakika chache kutoka hapo lipo Bush House, jengo lililokuwa makao ya Idhaa ya Dunia ya BBC hadi mwaka 2012, ambalo jina lake lilizoeleka masikioni mwa wasikilizaji wa Kiswahili kwa miaka mingi.

Mwaka huohuo wa 2012, Mahakama ya Rufaa ililetewa swali ambalo hata mtoto mdogo angeweza kuliuliza: kitu hiki ni bunduki, au si bunduki?

Kitu chenyewe kilikuwa bastola ya kuanzishia mbio, ya aina inayotoa mlio tu ili wanariadha watimke. Kwa jinsi ilivyokutwa, haikuweza kufyatua risasi. Hata hivyo, mtaalamu wa upande wa mashtaka alifaulu kuifanya itoe kipande kidogo cha risasi. Aliibana katika jiliwa, kile chombo cha fundi chuma cha kushikilia kitu kisitikisike, kisha akagonga kwa nyundo kipande cha chuma alichokiweka mahali pa kupigia. Risasi ikatoka. Kwa hiyo, ulisema upande wa mashtaka, hii ni silaha yenye mtutu inayoweza kuua, na aliyekutwa nayo ana hatia ya kumiliki silaha iliyopigwa marufuku.

Msikilizaji aliye mbali na London anaweza kuliona shauri hilo kuwa mchezo wa maneno. Halikuwa mchezo. Sheria iliyopitishwa na bunge la Uingereza mwaka 2003 iliweka kifungo kisichopungua miaka 5 kwa mtu mzima anayepatikana na hatia ya kumiliki silaha fupi iliyopigwa marufuku, isipokuwa pawe na sababu za kipekee. Wala haimsaidii mshtakiwa kusema kwamba hakujua. Mahakama za Uingereza zimekwisha kuamua kwamba katika makosa ya aina hii nia ya mtu haitazamwi. Kitu kikiwa mikononi mwako, na ikithibitika kuwa ni silaha, umekwisha kukosa. Basi kati ya "ndiyo" na "siyo" ya majaji wale palikuwa na miaka 5 ya maisha ya mtu.

Majaji walimpa mrufani haki. Walisema kwamba silaha inayotajwa na sheria ni ile yenye uwezo wa kufyatua, si ile inayopewa uwezo huo na vyombo vingine visivyo sehemu yake. Jiliwa si sehemu ya bastola. Nyundo si sehemu ya bastola. Hukumu ya kwanza ikatenguliwa.

Hoja hiyo ina uzito wake. Fundi mwenye ustadi, akiwa na karakana yenye zana kamili, anaweza kulifanya bomba la maji litoe risasi. Kama zana zilizo nje ya kitu zinahesabiwa kuwa sehemu ya kitu, basi kila bomba katika kila nyumba ni bunduki inayongoja siku yake, na kila mwenye nyumba ni mhalifu.

Sehemu yake yoyote

Mjadala huu una umri wa karne nzima. Sheria ya silaha ya Uingereza ya mwaka 1920, iliyotungwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza wakati serikali ikiwa na hofu ya bunduki nyingi zilizorudi nyumbani pamoja na askari, haikuishia kwenye bunduki iliyo kamili. Iliongeza maneno machache mwishoni mwa tafsiri yake: au sehemu yake yoyote. Waandishi wa sheria ile walikuwa na sababu nzuri. Bila maneno hayo, mwuzaji angeweza kuuza mtutu Jumatatu na kitako Jumanne, na kuapa Jumatano kwamba hajapata kuuza bunduki maishani mwake.

Mwaka 1936 maneno hayo yalijaribiwa mahakamani. Safari hii palikuwa na bastola ya bandia ambayo mtutu wake haukuwa umetobolewa hadi mwisho. Mtu angeitwaa na kuitoboa kwa keekee ya umeme, ingefyatua risasi kama bastola nyingine. Je, kabla ya kutobolewa ilikuwa nini? Mawakili wa utetezi walishikilia kwamba ni kitu cha bandia. Mahakama ilijibu kwa njia isiyotarajiwa. Ilisema: toeni mtutu kando, mtazame kilichobaki. Vyote vilivyobaki vinaweza kutumika katika bastola ya kweli. Kwa hiyo vyote ni "sehemu", na sehemu ni silaha kwa mujibu wa sheria.

Ni hoja ya kijanja, na ilidumu. Mwaka 1970 Mahakama ya Rufaa iliitumia hekima hiyohiyo kwa bastola nyingine ya kuanzishia mbio, ambayo ilihitaji kutobolewa ili iweze kutoa risasi. Majaji walisema kwamba, kwa kuwa kazi iliyobaki ilikuwa ndogo, kitu hicho kilikuwa silaha tayari. Katika miaka ya 1980 mahakama hiyo iliamua pia kwamba bunduki ndogo ya rasharasha iliyokosa kifyatulio na vipande vingine ilibaki kuwa silaha iliyopigwa marufuku, maana vilivyokosekana vingeweza kupatikana bila taabu kubwa. Kidogo kidogo mpaka wa sheria ulisogea, kutoka kwenye kitu kilivyo hadi kwenye kitu kinavyoweza kuwa.

Bunge nalo liliona kwamba jambo hili haliwezi kuachiwa majaji peke yao. Mwaka 1982 ilipitishwa sheria fupi iliyohusu silaha za bandia zinazoweza kugeuzwa kwa urahisi kuwa silaha za kweli. Kipimo chake kilikuwa cha nyumbani kabisa. Sheria iliuliza maswali mawili: je, ugeuzaji huo unahitaji ufundi maalumu? Na je, unahitaji zana zaidi ya zile ambazo watu wa kawaida huzitumia kujenga na kukarabati nyumba zao? Majibu yote mawili yakiwa "hapana", silaha ile ya bandia huhesabiwa kuwa ya kweli. Lakini bunge lilimwachia mshtakiwa mlango mmoja. Akithibitisha kwamba hakujua, na kwamba hakuwa na sababu ya kushuku kuwa kitu chake kinageuzika kwa urahisi, huachiliwa.

Mlango huo ndio uliokuwa kiini cha hukumu ya 2012. Waendesha mashtaka walikuwa na njia mbili za kumfikisha mtu mahakamani kwa kitu kilekile. Njia ya sheria ya 1982 ilikuwa na mlango wa utetezi. Njia ya hukumu za zamani, ile ya "sehemu" na "uwezekano", haikuwa nao. Majaji walisema kwamba, baada ya bunge kuweka utaratibu wake lenyewe, haifai kuurukia ukuta kwa kutumia maneno ya kesi za kabla ya utaratibu huo. Kwa maneno mengine, serikali ikitaka kumfunga mtu kwa kitu ambacho hakijakamilika, na ipite kwenye njia ambayo bunge limeichora.

Sababu za polisi

Ingekuwa kosa kudhani kwamba polisi na waendesha mashtaka waliovutana na mawakili katika kesi hizi walikuwa wakitafuta ushindi wa maneno. Tarehe 13 Machi 1996, katika mji mdogo wa Dunblane huko Scotland, mtu mwenye bastola alizokuwa nazo kwa kibali halali aliingia shuleni akawaua watoto 16 na mwalimu wao. Mwaka uliofuata bunge lilipitisha sheria mbili zilizowaondolea raia wa kawaida wa Uingereza bara karibu bastola zote.

Marufuku ile ilileta jambo ambalo wachache walilitabiri. Bastola ya kweli ilipokuwa adimu, wahalifu waligeukia vitu vilivyofanana nayo: bunduki za upepo za aina fulani, bastola za kuanzishia mbio, bastola za kutoa mlio. Karakana za siri zikapata kazi. Mwaka 2003 bunge lilizipiga marufuku bunduki za upepo zenye vifuko vyao vya kubeba hewa, kwa kuwa zilikuwa zikigeuzwa kufyatua risasi halisi. Mwaka 2010 aina moja ya bastola za mlio iliyokuwa ikiuzwa hadharani ilitangazwa kuwa inageuzika kwa urahisi, na wenye nazo wakapewa muda wa kuzisalimisha. Kwa mama aliyempoteza mwanawe katika mtaa wa London au Manchester, hakuna faraja kujua kwamba risasi ilitoka kwenye mtutu ambao kiwandani uliitwa wa bandia.

Mwaka 2015 Tume ya Sheria ya England na Wales, chombo huru kinachoishauri serikali juu ya marekebisho ya sheria, ilitoa ripoti yake kuhusu silaha. Ilikuta kwamba kanuni za silaha zimetawanyika katika sheria zaidi ya 30. Ilikuta pia kwamba neno "ya kuua" halikuwa na maana iliyowekwa na sheria, wala maneno "sehemu ya silaha" hayakuwa nayo. Je, skrubu ni sehemu? Je, kitako cha mbao ni sehemu? Tangu sheria kuu ya silaha ilipotungwa mwaka 1968, hakuna aliyekuwa na jibu lililoandikwa. Tume ilisema vilevile kwamba kipimo cha mwaka 1982 kilikuwa kimepitwa na wakati. Zana ambazo zamani zilikuwa za viwandani sasa ziko kabatini nyumbani, na ufundi ambao zamani ulihitaji miaka ya kujifunza hupatikana kwa kutazama picha za video kwenye intaneti.

Bunge lilifuata sehemu kubwa ya ushauri huo katika sheria ya polisi na uhalifu ya mwaka 2017. Silaha "ya kuua" ikapewa kipimo cha namba: ile ambayo kitu kinachotoka mtutuni kina nguvu inayozidi juli 1. Sehemu zinazohesabiwa kuwa silaha nazo zikatajwa kwa majina. Ni mtutu, chemba au silinda ya risasi. Ni fremu au kiwiliwili cha bunduki. Na ni kile kizibo cha nyuma kinachozuia nguvu ya mlipuko isimrudie mpigaji. Skrubu ikapona. Kitako cha mbao kikapona. Tena likaongezwa kosa jipya, la kuwa na kitu chochote kwa nia ya kukitumia kugeuza silaha ya bandia kuwa ya kweli.

Hapo msikilizaji atazame vizuri, maana ndipo ugomvi wa siku zetu ulipo. Sheria ya 2017 inasema sehemu hizo ni silaha pale tu zinapoweza kutumika kama sehemu ya silaha. Je, kipande cha chuma kilichochongwa robo tatu, chenye umbo la fremu lakini kisicho na matundu yake, "kinaweza kutumika"? Leo hakiwezi. Kesho, baada ya saa moja ya kazi, kitaweza. Sheria ya Uingereza hujaribu kuuziba mwanya huo kwa njia nyingine: haitazami kipande peke yake, humtazama anayekichonga. Kutengeneza silaha bila kibali ni kosa, na kujaribu kutengeneza ni kosa pia, ikiwa alichokwisha kukifanya mtu kimevuka maandalizi tu. Kwa hiyo swali hurudi kwa mavazi mapya. Badala ya kuuliza chuma kimefika wapi, mahakama huuliza mtu amefika wapi.

Mwaka 2019, katika mahakama ya Southwark, upande wa kusini wa mto Thames, mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu alihukumiwa kifungo cha miaka 3. Polisi walikuwa wamekuta chumbani mwake vipande vya bastola alivyovitoa kwa printa ya 3D, mashine inayotandaza plastiki tabaka juu ya tabaka hadi kitu kitokee. Alidai kwamba vilikuwa vya filamu aliyokusudia kuitengeneza. Mwishowe alikiri kosa la kutengeneza silaha, na ilielezwa kwamba hiyo ilikuwa hatia ya kwanza ya aina yake nchini Uingereza. Miaka 4 baadaye, mwaka 2023, bunge liliongeza kosa jingine la jamii hiyohiyo: kuwa na vipande vya risasi, hata kama risasi yenyewe haijaundwa, kwa nia ya kuunda risasi bila idhini.

Upande wa pili wa bahari

Nchini Marekani ugomvi huu umefika mbali zaidi. Huko kumiliki bunduki ni haki iliyotajwa na katiba, na kujitengenezea bunduki nyumbani ni desturi ya zamani ambayo wengi huionea fahari. Kwa bahati, sheria kuu ya Marekani ya kudhibiti silaha ilitungwa mwaka uleule wa 1968 ilipotungwa ya Uingereza. Jambo la ajabu zaidi ni kwamba sheria ya Marekani ilikwisha kuijibu ile kesi ya London kabla haijazaliwa. Tafsiri yake ya silaha inataja bastola ya kuanzishia mbio kwa jina, na inajumuisha kila silaha inayoweza kugeuzwa kwa urahisi ili itoe risasi kwa nguvu ya mlipuko.

Lakini wabunge wa 1968 hawakujua kwamba itafika siku ambapo kampuni zitauza sanduku lenye vipande vyote vya bastola, fremu ikiwa imebakizwa pungufu kwa makusudi, ili kisiwepo kitu chochote ndani ya sanduku kinachoitwa "silaha". Mnunuzi hakuchunguzwa. Kipande hakikuwa na namba. Bastola zilizotokana na masanduku hayo zilipata jina la bunduki za mizimu, kwa sababu polisi wakiziokota penye maiti hawana pa kuanzia kuuliza zilitoka wapi. Takwimu zilizotajwa katika Mahakama ya Juu zinasema kwamba mwaka 2017 polisi nchini humo waliomba msaada wa kufuatilia asili ya bunduki hizo kiasi cha 1,600; mwaka 2021 idadi ilizidi 19,000.

Mwaka 2022 idara ya serikali kuu inayosimamia pombe, tumbaku na silaha ilitoa kanuni: sanduku la aina hiyo ni silaha, na fremu isiyokamilika lakini inayokamilishwa kwa urahisi ni fremu. Kabla wino haujakauka, kesi ilifunguliwa huko Texas. Walalamikaji, wakiwamo wamiliki wa bunduki na wauzaji wa vipande, walisema kwamba idara imejitungia sheria ambayo bunge halikuitunga. Kipande kisicho fremu hakiwi fremu kwa sababu ofisa wa serikali amekitazama kwa jicho baya. Jaji wa Texas alikubaliana nao Juni 2023, na mahakama ya rufaa ya eneo hilo nayo ikakubaliana nao Novemba mwaka huohuo.

Tarehe 26 Machi 2025 Mahakama ya Juu iliigeuza hukumu hiyo kwa majaji 7 dhidi ya 2. Aliyeiandika ni Jaji Neil Gorsuch, ambaye hana sifa ya kuzipenda idara za serikali zinazojiongezea madaraka. Hakuzungumza sana juu ya mauaji. Alizungumza juu ya lugha. Alisema kwamba yapo majina ya vitu ambayo watu huyatumia hata kitu kikiwa hakijamalizika: mwandishi huweza kuuita mswada wake riwaya kabla haujachapwa, na aliyenunua meza ikiwa katika vipande ndani ya boksi husema amenunua meza. Alitaja sanduku moja la bastola ambalo mtu asiyepata kuliona kabla alilikamilisha kwa dakika 21. Bastola ya kuanzishia mbio, aliongeza, yahitaji kazi kama hiyo ili iue, na bado bunge la 1968 liliiita silaha.

Majaji wawili, Clarence Thomas na Samuel Alito, walikataa. Na Jaji Brett Kavanaugh, ingawa alikuwa upande wa walio wengi, aliandika maneno ya ziada kuhusu mtu asiyejua kwamba alichokinunua kimehesabiwa kuwa silaha, na ulinzi anaostahili kupewa mtu huyo. Hapo ndipo Washington na Strand zilipokutana: si kwenye chuma, bali kwa mtu aliyeshika chuma bila kujua kiko upande gani wa mstari. Mahakama ya Juu, ikumbukwe, haikusema kwamba kila kipande kisichokamilika ni silaha. Ilisema tu kwamba vipo vilivyo silaha, na hiyo ilitosha kuiokoa kanuni. Kesi za vipande vilivyo mbali zaidi na ukamilifu zimeachiwa siku nyingine.

Sheria iliyosafiri kwa meli

Maneno ya London yalisafiri. Waingereza walipotawala Afrika Mashariki walikuja na vitabu vyao vya sheria, na walipoondoka vitabu vilibaki. Sheria ya silaha ya Kenya, Sura ya 114, ambayo mizizi yake ni ya enzi za ukoloni, inaitafsiri bunduki kwa maneno ambayo wakili wa Strand angeyatambua mara moja: silaha yenye mtutu inayoweza kuua, pamoja na sehemu yake yoyote. Tena inajumuisha silaha inayoweza kurekebishwa ili itoe risasi. Kwa hiyo wakili wa Nairobi aliye na mteja wa bastola ya bandia ana sababu ya kuzisoma hukumu za London za 1936 na 2012, ingawa hazimfungi hakimu wake.

Hata hivyo, bunduki zinazoua watu kutoka Karamoja hadi Kivu kwa kawaida hazikuja katika vipande vya posta. Zilikuja zikiwa kamili, zikapita kutoka vita hadi vita na kutoka mkono hadi mkono. Ndiyo maana mkataba uliotiwa saini Nairobi tarehe 21 Aprili 2004 na nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika uliweka mkazo katika kuzitia silaha alama ili asili yake ijulikane. Kipande kisicho na namba kinauvunja mpango huo kimyakimya, hata pale ambapo hakuna anayekikusudia.

Na Afrika Mashariki ina mzimu wake wa zamani, usiohitaji printa wala sanduku. Vijijini Tanzania mafundi wamefua magobole kwa vizazi vingi, na mtutu wa gobole mara nyingi ni bomba la chuma lililokuwa na kazi nyingine kabla ya kufika kwa fundi. Askari wa wanyamapori huyajua vizuri. Bomba lile likiwa bado limelala kando ya mivukuto, likingoja moto, ni sehemu ya silaha? Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu silaha, uliopitishwa mwaka 2001, unahesabu kuwa sehemu kile kilichoundwa mahsusi kwa ajili ya silaha na ambacho silaha haifanyi kazi bila hicho. Bomba la maji halikuundwa kwa ajili hiyo. Lakini fundi akishalikata kwa urefu wa gobole na kuliziba upande mmoja, ni vigumu kusema limeundwa kwa ajili ya nini kingine. Mstari uko mahali fulani kati ya msumeno na moto, na anayetakiwa kuuona ni hakimu wa wilaya ambaye huenda hajawahi kulishika gobole.

Huko London nako, mstari uliendelea kusogea. Kwa miaka mingi mtu yeyote aliyetimiza umri wa miaka 18 aliweza kununua bila leseni bastola za mlio zilizotengenezwa Uturuki, mradi angalau nusu ya umbo lake iwe imepakwa rangi ya kung'aa ili isidhaniwe kuwa ya kweli. Polisi wakaanza kuziokota mikononi mwa magenge zikiwa zimepakwa rangi nyeusi na kugeuzwa. Shirika la Kitaifa la Kupambana na Uhalifu lilizifanyia majaribio, likakuta kwamba aina nne maarufu zinageuzika kwa urahisi kwa kipimo kilekile cha mwaka 1982, cha ufundi wa kawaida na zana za nyumbani. Bunge halikupitisha sheria mpya. Polisi walitangaza muda wa msamaha, kuanzia tarehe 3 hadi 28 Februari 2025, na watu wakapeleka bastola zao vituoni katika mifuko na maboksi.

Asubuhi ya tarehe 1 Machi, bastola iliyosalia kwenye droo ya mtu, katika rangi yake ya kiwandani, bila kuguswa na keekee, iliweza kumpeleka mwenyewe jela hadi miaka 10.